Je, mji unaokua kama Lubumbashi unahitaji jumba jipya la mji?

Kijana wa Kampemba aliuliza:

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wa Lubumbashi, nawasalimu kwa heshima. Katika kikao cha vijana wa kartie yetu hapa Kampemba kulizuka mjadala ambao haukwisha, nami nimepewa jukumu la kuandika hoja za pande zote mbili kabla hatujakutana tena. Swali lenyewe ni hili: mji unapokua hadi ukapita mara kadhaa ukubwa uliokuwa nao wakati ofisi zake zilipojengwa, kuna sababu gani za kweli za kujenga jumba jipya la mji, yaani meri mpya, na sababu hizo zina uzito gani zikiwekwa kwenye mizani pamoja na mahitaji mengine?

Wenzangu waliopinga walisema mambo ambayo siwezi kuyapuuza. Maji hayafiki katika avenyu nyingi, mifereji hufurika kila msimu wa mvua, umeme hukatika kwa siku kadhaa, na barabara za pembezoni hazipitiki kuanzia Januari. Waliounga mkono walianza kwa kutaja heshima ya mji, na nadhani hapo ndipo walipowapoteza wasikilizaji, kwa sababu mwenye mtoto mgonjwa au nyumba iliyoingiliwa na maji hawezi kushibishwa na heshima. Hata hivyo naamini kwamba suala hili lina undani kuliko tulivyolizungumza, na ndiyo maana nawaomba wale waliofanya kazi katika ofisi za serikali, katika ujenzi au katika mahesabu ya fedha za umma watueleze kwa utulivu.

Mzee wa Kamalondo alijibu:

Mwanangu, asante kwa kuuliza kwa adabu na kwa moyo wa kutaka kujua. Nilikuwa karani katika ofisi za utawala wa mji huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nitaanza na kazi yenyewe, kisha nifike kwenye jengo.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika hapa kuja kuchukua shaba, na ulipangwa kwa ajili ya Wazungu wachache waliosimamia migodi, reli na maduka. Waafrika waliwekwa kando, ng'ambo ya ukanda mtupu uliotenganisha makazi ya watu weupe na weusi. Hiyo ndiyo asili ya Kamalondo, kisha zikafuata komini nyingine, yaani sehemu za mji zenye ofisi zake, za Kenya, Katuba na Ruashi kadiri wafanyakazi walivyoongezeka. Utawala wa mji wa namna hiyo haukuhitaji nafasi kubwa, kwa kuwa wengi wa wakazi hawakuhesabiwa kuwa raia wenye haki ya kuingia ofisini kudai kitu. Ni mwishoni mwa 1957 tu, miaka miwili na nusu kabla ya uhuru, ambapo wakazi wa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini zao, na Waafrika wakaanza kushika kiti cha bugumestre, yaani mkuu wa komini. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966.

Sasa tazama ukubwa. Hesabu ya mwisho ya watu wote nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984, na wakati huo Lubumbashi ilikuwa na watu wapatao nusu milioni na zaidi kidogo. Makadirio ya leo hupita milioni mbili. Kila mmoja kati ya watu hao huzaliwa, husoma, huoa au kuolewa, hununua kiwanja, hufungua duka na hatimaye hufa, na kila hatua kati ya hizo huacha karatasi mahali fulani. Mji ni barabara na nyumba, lakini pia ni kumbukumbu hizo, na kumbukumbu zikipotea mtu hupoteza haki yake hata kama nyumba yake ingali imesimama.

Nitakueleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, ingawa sitaitaja ofisi. Vitabu vya kuandikishia vilikuwa vikubwa, vyenye jalada la kitambaa cheusi na kona za ngozi, na vilipangwa juu ya makabati ya chuma kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi tena. Mvua za Februari zilipopenya kwenye dari, maji yalishuka taratibu kwenye mgongo wa vitabu, gundi ikalainika, na kurasa za katikati zikashikana kama ngozi iliyokauka. Upande wa ukutani mchwa walikuwa wamekwisha kupanda na kujenga njia zao za udongo hadi rafu ya tatu. Karani aliyetafuta jina la mtu alikuwa anafungua kurasa hizo kwa kisu, akiwa amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimepewa mwananchi mzee aliyekuwa anangoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chumba cha kuhifadhia nyaraka ndicho moyo wa jumba la mji, na kwamba meya mwenye zulia zuri na hifadhi inayovuja hana mji anaoutawala.

Kuna sababu ya pili, nayo inatokana na sheria. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu mji, komini, na sekta na uchifu, yaani maeneo ya utawala ya vijijini, inaupa mji vyombo viwili: baraza la mji, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na washauri wa komini, na kamati tendaji inayoongozwa na meya pamoja na naibu wake na wasaidizi watatu. Kwa miaka mingi mameya wameteuliwa kutoka juu, na baraza lilibaki katika maandishi. Lakini Desemba 2023 wakazi wa komini za miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuwachagua washauri wa komini, na kwa hiyo safari ya kufikia baraza la kweli imeanza. Baraza hilo litakutana wapi? Linahitaji ukumbi wenye viti vya wajumbe na viti vya wananchi, chumba cha kamati ya fedha na mahali pa kutunza kumbukumbu za vikao. Likikutana katika ukumbi wa kuazima wa hoteli au wa parokia, raia wa kawaida hatajua siku wala saa, na akija atahisi ni mgeni. Jengo linaloruhusu watu kuingia na kusikiliza bajeti yao ikijadiliwa ni sehemu ya demokrasia yenyewe, na hilo ndilo ningetaka vijana wa Kampemba walipiganie kuliko kitu kingine.

Mama wa Ruashi alijibu:

Shikamoo mzee wetu, na wewe kijana nakusalimu. Nimesoma maneno ya mzee kwa makini na ninamheshimu, lakini niruhusuni niseme jambo ambalo watu wa katikati ya mji hulisahau.

Mimi ni mfanyabiashara wa unga na mafuta ya mawese, na watoto wangu wote nimewaandikisha mwenyewe. Sheria inatupa siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto, na ukichelewa unalazimika kupitia mahakamani kupata hukumu kabla ya kupewa cheti. Kazi hiyo hufanywa na ofisi ya komini, chini ya bugumestre, wala haifanywi mezani pa meya. Basi mama anayeishi mwisho wa Annexe, komini inayouzunguka mji wote na ambayo kila mwaka inapokea nyumba mpya, atasaidiwa namna gani na ghorofa jipya karibu na posta? Atapanda taksi-basi ya kwanza hadi Ruashi au Kenya, kisha ya pili hadi mjini, akiwa na mtoto mgongoni, na akifika ataambiwa kwamba anayetia muhuri ametoka.

Nimekaa mara nyingi chini ya mwembe mbele ya ofisi moja ambayo haina chumba cha kungojea. Pembeni kuna kijana mwenye mashine ya kunakili inayotumia jenereta ndogo, na watu wanamlipa ili awajazie fomu kwa sababu ndani hakuna meza ya kuandikia. Saa sita jua linapohama, kivuli kinahama nacho, na foleni nzima inasogea kukifuata, ikivuruga utaratibu wa nani alitangulia. Ugomvi unaanzia hapo. Wanawake wajawazito na wazee ndio wanaoumia, kwa kuwa wao hawawezi kusukumana.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mji usijenge. Ninachosema ni kwamba faranga za kwanza ziende kwenye madirisha ya huduma ya komini, hasa Annexe, Ruashi na Katuba, yawe na benchi, choo, maji na paa lisilovuja, ndipo meya naye ajengewe lake. Mkianza na la meya, najua ya komini hayatafuata, maana fedha zetu huishia mahali zilipoanzia.

Fundi Michoro, Katuba alijibu:

Mama wa Ruashi amegusa jambo ambalo sisi wachoraji wa majengo tungepaswa kuulizwa kabla ya kununua hata tofali moja: kazi gani ifanyike wapi? Jumba la mji halina budi kuwa na zile kazi ambazo hazigawanyiki, kama vile baraza, hazina, mipango ya barabara na mifereji inayovuka mipaka ya komini, na hifadhi kuu ya nyaraka. Kila kazi inayomgusa mwananchi mmoja mmoja ibaki karibu naye. Nikiongozwa na kanuni hiyo, naona jumba jipya linaweza kuwa dogo kuliko wengi wanavyolifikiria, na lingali likatosha.

Miji mingine imepitia njia hii na inaweza kutufundisha. Toronto, nchini Kanada, ilikuwa na jumba lililofunguliwa mwaka 1899, na kufikia miaka ya 1950 lilikuwa limewabana. Walitangaza shindano la kimataifa lililovuta michoro zaidi ya 500, mwaka 1958 akashinda mchoraji wa Finland aitwaye Viljo Revell, na jumba likafunguliwa mwaka 1965: minara miwili iliyopinda ikilizunguka baraza la mviringo lililo katikati, na mbele yake uwanja mpana ambapo watu wa mji hukutana hadi leo. Lile la zamani halikubomolewa, ingawa ulikuwepo mpango wa kulibomoa; wananchi walilitetea, na limetumika kama mahakama kwa miongo mingi. Ninapenda mfano huo kwa sababu uchaguzi wa mchoro ulifanywa hadharani na jengo la kale likapata kazi nyingine.

Hapa kwetu tunao ushahidi wa aina hiyohiyo. Jengo la 30 Juni lilijengwa miaka ya 1950 kama ukumbi wa maigizo, na baadaye likatumika kama makao ya bunge la jimbo. Kabla ya kumwaga zege, mji ufanye orodha ya majengo yake yote na kuangalia lipi laweza kukarabatiwa.

Pretoria, Afrika Kusini, inatoa onyo. Mwaka 1997 moto uliunguza sehemu ya jengo lao la manispaa liitwalo Munitoria, idara zikatawanyika katika majengo ya kupanga, na mabaki ya jengo hilo yaliangushwa kwa baruti mwaka 2013. Makao mapya, Tshwane House, yalifunguliwa mwaka 2017, miaka 20 baada ya moto, na yalijengwa kwa ushirikiano na kampuni binafsi ambayo mji unailipa kwa miaka mingi. Mji usiojenga kwa wakati wake hulipa kodi ya pango kila mwezi bila kumiliki ukuta wowote, na mji unaongoja hadi ajali itokee hujenga ukiwa hauna nguvu ya kupatana bei.

London nayo ilifungua jumba la vioo lililochorwa na Norman Foster mwaka 2002 kando ya mto Thames, jengo lililopigwa picha duniani kote, lakini serikali ya jiji ilikuwa mpangaji tu. Gharama zilipozidi, mwanzoni mwa 2022 ilihamia Newham, upande wa mashariki, katika jengo ambalo ilikuwa inalimiliki tayari. Sioni aibu yoyote katika uamuzi huo.

Kuhusu ujenzi wenyewe hapa Lubumbashi, ningeogopa vioo kuliko kitu chochote. Jengo la vioo lisilo na umeme huwa tanuri mwezi wa Oktoba, na jenereta la kuendesha viyoyozi litakula bajeti ya usafi na ukarabati katika mwaka wa kwanza. Wajenzi wa zamani wa mji huu walitumia tofali za kuchoma, dari za juu, baraza pana za kivuli na madirisha yanayokabiliana ili upepo upite, na mengi ya majengo hayo bado ni ya baridi saa nane mchana. Hifadhi ya nyaraka iwekwe kwenye sakafu iliyoinuliwa, mbali na mabomba, msingi ukiwa umetiwa dawa ya mchwa kabla ya zege, na rafu zisiguse ukuta. Kila kitabu kipigwe picha na nakala yake iwekwe katika jengo lingine. Paa liwe la mteremko mkali wenye mifereji mipana, kwa sababu mvua yetu haiji kwa utaratibu, inamwagika.

Kijana wa Kampemba aliandika:

Nawashukuru sana. Mama, hoja yako ya madirisha ya komini nitaiweka mwanzoni, si mwishoni, kwa kuwa hakuna aliyeitaja katika kikao chetu. Naomba sasa mwenye ujuzi wa fedha anisaidie: mji utoe wapi gharama hizo bila kuwanyima watu barabara?

Mhasibu wa komini ya Kenya alijibu:

Ndugu yangu mdogo, fedha za mji hutoka katika mikono mitatu, na kila mkono una tabia yake.

Mkono wa kwanza ni mapato ya mji wenyewe, kama ushuru wa masoko, vituo vya magari na vibali. Hayo huingia kila siku kwa kiasi kidogo kidogo, na kwa sehemu kubwa huishia kwenye mishahara na usafi. Mkono wa pili ni sehemu inayorudishwa na serikali kuu. Katiba ya mwaka 2006 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, na sheria inaipa miji na komini haki ya kugawiwa sehemu ya fungu hilo. Wote tunajua kwamba mgawo huo haujawahi kufika kama ulivyoandikwa, kwa hiyo yeyote anayekuonyesha bajeti ya ujenzi inayoutegemea peke yake, mwulize jengo litasimamia wapi msingi ukiwa umechimbwa na fedha hazijafika.

Mkono wa tatu ndio unaoweza kujenga. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hutoa kwa madini zinazouza, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu ambao madini yanachimbwa katika ardhi yake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kiwango cha mrabaha wa shaba ni asilimia 3.5 na cha kobalti, ambayo ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, ni asilimia 10. Angalia vizuri maneno "katika ardhi yake". Mgodi ukiwa nje ya mipaka ya mji, ile 15 huenda kwa jirani, hata kama malori yake yanapita mbele ya nyumba yako usiku na mchana. Mji kama wetu, ambao unahudumia migodi mingi kuliko inayochimbwa ndani yake, unapaswa kuzungumza na jimbo juu ya ile 25.

Fedha za mrabaha hupanda na kushuka pamoja na bei ya shaba na kobalti katika masoko ya dunia. Kwa sababu hiyo hazifai kulipia mishahara, maana mwaka wa bei mbaya utamfukuza mfanyakazi, lakini zinafaa sana kwa kitu kinachojengwa mara moja. Naona kosa kubwa la viongozi wetu ni kutenga fedha za kujenga bila kutenga za kutunza. Jengo lolote la umma lianze na mstari wake wa kudumu katika bajeti ya kila mwaka kwa ajili ya paa, rangi, mafuta ya jenereta na mlinzi wa hifadhi, na mstari huo ulipwe na mapato ya kila siku ya mji. Ikiwa mji hauwezi kuonyesha mstari huo, usijenge mwaka huu.

Kwa mama wa Ruashi nataka kuongeza kwamba pendekezo lake linawezekana kihasibu. Mkataba mmoja unaweza kuwa na awamu mbili, ya kwanza ikiwa ya madirisha ya komini na ya pili ikiwa ya jumba, na sharti likaandikwa kwamba fedha za awamu ya pili hazitolewi kabla ya washauri wa komini kutia sahihi kwamba ya kwanza imekamilika.

Mama wa Ruashi aliandika:

Sharti hilo nalikubali, lakini sahihi ya washauri peke yake hainitoshi. Iandikwe kwamba kabla ya kutia sahihi watafanya kikao mbele ya ofisi yenyewe, siku ya soko, ili sisi tuliokuwa tunangoja nje tuingie, tukae kwenye benchi hilo na tufungue bomba tuone kama linatoa maji.

Mzee wa Kamalondo aliandika:

Na siku hiyo hiyo, mama, mwombe karani akuonyeshe kitabu cha mwaka ambao mtoto wako wa kwanza alizaliwa. Akikileta kabla hujachoka kungoja, na kurasa zikafunguka bila kisu, mwambie bugumestre kwamba sahihi unaweza kuitia.